Muulize Anko: Duka Langu Liko Kwenye Simu, Nitaiwekaje Chini?

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza vitenge na madera kwa WhatsApp, sina fremu, simu ndo duka langu. Juzi mwanangu wa darasa la tatu kanambia "mama we unaongea na simu tu," imeniuma mpaka leo. Nikaenda kucheki kwenye setingi nikakuta masaa 7 na dakika 40 kwa siku, jamani nikajua simu imekosea. TikTok nilifuta, baada ya siku mbili nikairudisha. Nikajaribu kuzima data saa 2 usiku, asubuhi nakuta mteja wa doti sita kashanunua kwa mwingine. Nikipunguza simu napunguza hela, nisipopunguza watoto hawanioni. Nifanyeje?
– Mama Madera, Tabata

JIBU: Marahaba mama, na pole. Hongera pia kwa kuangalia maana ile namba wengi tunaikwepa kama mdai, mimi yangu nilipoiona mara ya kwanza nilifunga haraka nikaenda kunywa maji.

Sasa rudi palepale. Android ni Digital Wellbeing, iPhone ni Screen Time, ukibonyeza inakuchambulia programu moja moja. Achana na jumla, angalia mgawanyo. Nahisi WhatsApp inaongoza, na humo ndani kuna kuuza halafu kuna kuzurura, unaingia kuposti dera unatoka nusu saa baadae ushajua nani kaolewa na nani kanunua kiwanja Kibaha. Statasi za watu wasio wateja ziwekee mute, hawatajua.

Halafu nikuulize kitu, usikasirike. Hayo madera unayaposti na bei? Maana nyie wafanyabiashara wa mtandaoni mna huu ugonjwa wa "bei njoo inbox" sijui nani aliwafundisha. Mteja anakuja anauliza bei, unajibu, anauliza saizi, unajibu, anauliza rangi nyingine ipo, anauliza kuletewa ni shingapi, mwisho "sawa nitakucheki" na hutamwona tena. Watu 20 wa hivyo kwa siku ni meseji kama 80 unazoandika kwa kidole, za vitu ambavyo ungeviandika mara moja tu chini ya picha! Masaa yako mengi yanaishia hapo mama, umejitengenezea foleni mwenyewe.

Pakua WhatsApp Business, ni ya bure. Ina katalogi, unaweka picha, bei na maelezo, mtu anajitazamia mwenyewe. Ina sehemu ya saa za kazi, na ina ujumbe wa kujijibu ukiwa haupo, unaupangia muda. Andika kitu kama "Karibu, duka limefungwa, bei zote ziko kwenye katalogi, nakujibu saa 2 asubuhi." Data uiache imewashwa ili huo ujumbe uende, yule wa doti sita angekuta bei, angekuta jibu, pengine asubuhi ungemkuta bado anakusubiri. Kama simu yako ni ya laini mbili, namba ya biashara iweke huko, ya ndugu na shule ibaki WhatsApp ya kawaida, ili usiku ukizima sauti ya duka mama yako akikupigia bado unamsikia.

TikTok usijilaumu sana. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho, unafika chini unabonyeza ukurasa wa 2, unapata nafasi ya kukumbuka kuna maharage jikoni. Huu mtindo wa kuteremka bila mwisho unatajwa kuwa wa Mmarekani Aza Raskin, mwaka 2006, na mwenyewe alishasema hadharani anaujutia, sasa kama mbunifu anajuta wewe utaushinda kwa kujikaza tu? Usiifute. Logout kila ukimaliza na paswedi usiisevu, ule uvivu wa kuandika paswedi upya utakusaidia kuliko kiapo.

Usiku simu isilale kitandani. Najua utasema ni ya alamu, haya, saa za mezani Kariakoo zimejaa, nunua moja.

Na huyo wa darasa la tatu mpe cheo, yeye ndo afunge duka. Saa 1 jioni anachukua simu anaipandisha juu ya kabati, mpaka walale. Wiki ya kwanza atakukera, ataanza kukukumbusha saa 12 na nusu, vumilia tu.

SWALI: Anko mambo, nataka kuuza smatifoni ninunue kitochi nipumzishe akili, ila naogopa M-Pesa na mambo ya benki itakuwaje?
– Kijana wa Morogoro

JIBU: Poa. M-Pesa haina shida, *150*00# inapiga kwenye kitochi chochote na wala haili bando, benki nyingi nazo zina menyu ya namba kama hiyo, na namba za uthibitisho zinazokuja kwa SMS utazipata. Kitakachokubana ni grupu la kazini na kutuma picha za risiti, kwahiyo kabla hujauza hamishia laini kwenye kitochi cha kuazima wiki mbili, smatifoni iache nyumbani imezimwa. Ukiona inawezekana uza, ila toa akaunti zako zote na uiriseti kwanza, maana wapo wanaouza simu na picha zao zote humo ndani.