Ngozi ya mbuzi imekauka kama ubao: je, bado inafaa kushonea mkoba?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilichuna mbuzi nikaiwamba ngozi yake juani kwa siku tano, na sasa ni ngumu kama ubao. Nimeipaka mafuta mara kadhaa bila mafanikio. Nikiiloweka inalainika, lakini huanza kunuka. Nimekosea wapi, na je, naweza bado kuishonea mkoba?

JIBU: Ndugu msomaji, ulichonacho ni ngozi mbichi iliyokauka tu. Nyuzi za kolajeni (aina ya protini) zinazoijenga zikikosa maji hugandamana, na zikirudishiwa maji huwa chakula cha bakteria, ndiyo maana inanuka. Mafuta peke yake hayaondoi tatizo hilo. Inahitaji tanini, ile dawa ya magome ya miti kama mwati na mkoko, ambayo hujifunga kwenye nyuzi hizo zisioze wala zisigandamane tena.

Iloweke katika maji baridi yenye chumvi kidogo mpaka ilegee. Sehemu zilizoivishwa na jua hazitalainika, nazo uzikate uzitupe. Kisha itie katika maji ya chokaa kwa takriban wiki moja, ukiigeuza kila siku na kuvaa glavu kwa sababu chokaa huunguza mikono, hadi manyoya yang'oke kwa urahisi. Yaondoe, kwangua mabaki ya nyama upande wa ndani, suuza sana, halafu iloweke katika maji ya pumba yaliyochachuka kidogo ili kuondoa chokaa iliyobaki.

Hapa kwenye magome ndipo ninapokuomba uvumilivu. Usianze na maji mazito ya magome, hata kama unatamani kumaliza mapema, kwa kuwa tanini kali hukaza uso wa ngozi na kujifungia njia ya kuingia ndani, ukabaki na ngozi iliyoiva nje na mbichi katikati. Anza na maji mepesi yenye rangi ya chai hafifu, yaliyopoa kabisa, ukiyaongeza nguvu kila baada ya siku chache. Tumia pipa la plastiki au la mbao, kwani chuma hugeuza tanini kuwa nyeusi. Baada ya wiki mbili au tatu kata kipande kidogo pembeni: mstari mweupe ukionekana katikati ya unene wake, irudishe.

Ikishaiva, isuuze, ipake mafuta ikiwa bado na unyevu, uianike kivulini huku ukiivuta na kuikunjakunja mpaka ikauke. Kazi hii huchosha mikono, lakini ndiyo inayoleta ulaini.

Mkoba utawezekana kabisa, ingawa ngozi ya mbuzi ni nyembamba mno kwa soli za viatu. Mkanda wa begani ukate kwa urefu kufuata uti wa mgongo; ngozi ya tumboni hunyumbuka sana, hivyo itumie kwa mifuko midogo ya ndani.