Usiniambie "iko karibu kuisha"

Ukiajiriwa kwenye kampuni changa ya programu, siku ya kwanza utaoneshwa ubao wenye kadi za rangi, kila kadi kazi moja, na kuambiwa, "Sisi hapa tunafanya ajaili." Ajaili (agile) ni mtindo wa kujenga programu kwa vipande vidogo na kurekebisha kadiri watumiaji wanavyotoa maoni. Usitishike. Mara nyingi maana yake ni kwamba kuna kikao kila asubuhi.

Kikao hicho ndicho kilichonifunza zaidi, tena kwa aibu. Mwongozo wa skramu (Scrum), utaratibu mmojawapo wa kufanya ajaili, unakipa dakika 15. Chetu kilifika 40, maana mwanzilishi alikaa na daftari akiandika nani kafanya nini, basi kila mtu akawa anatoa ripoti. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye ukurasa wa kujisajili. Jumatatu nikasema "naendelea vizuri", Jumanne "iko karibu kuisha", Jumatano vilevile. Alhamisi mwenzangu akavuta kiti, akasoma kidogo, akaniambia natuma tarehe kwa mpangilio ambao seva haiutambui. Dakika kumi tu. Siku tatu nilizipoteza ili nisionekane sijui.

Kwa sisi tuliosoma shule ambazo kuuliza ni kujianika na kumpinga mkubwa ni utovu wa adabu, hapa ndipo pagumu kuliko zana yoyote. Baadaye tulimwomba mwanzilishi aweke daftari kando, tukawa tunaanza na swali moja: nani kakwama? Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili kiongozi wetu wa ufundi, mwenye uzoefu kutushinda wote, akasema "mimi". Hapo ndimi zikalegea.

Kisha kuna neno "imekwisha". Kwangu lilimaanisha inafanya kazi kwenye kompyuta yangu. Tulipopeleka fomu kwa mtumiaji halisi, alitoa simu ndogo yenye kioo kilichopasuka. Akagusa kisanduku cha jina, kibodi ikapanda ikafunika kitufe cha kutuma. Akabonyezabonyeza, akatabasamu kwa heshima, akairudisha mfukoni. Tangu siku hiyo kadi haihamii safu ya mwisho ya ubao, ile ya kazi zilizokwisha, mpaka kazi ijaribiwe kwenye simu dhaifu, mtandao ukisuasua.

Tamko la ajaili liliandikwa mwaka 2001 na watu 17 waliokutana kwenye hoteli ya mlimani huko Utah, Marekani. Sisemi halituhusu. Ukiwa na pesa za miezi michache, huna anasa ya kujenga mwaka mzima kitu kisichotakiwa na mtu. Ila umeme unaokatika katikati ya kazi lazima uupangie mwenyewe. Vunja kazi iwe vipande vya siku moja au mbili, na kila ukifika mahali pazuri hifadhi kwenye Git, programu ya kutunza kila toleo la kazi yako. Haihitaji intaneti kuhifadhi kwenye mashine yako; utazituma kazi mtandao ukirudi. Sprinti zetu, yaani vipindi vifupi vya kazi vyenye mwisho uliopangwa, ni za wiki moja. Mwongozo unaruhusu hadi mwezi, lakini ndani ya mwezi wateja wetu hubadili mawazo mara tatu. Programu za kulipia za kupanga kadi? Ukuta na karatasi vinatosha.

Na mteja atataka orodha kamili na bei moja kabla hamjaandika hata mstari. Usimhubirie ajaili, hilo neno halimsaidii kitu. Mwoneshe kila Ijumaa kitu anachoweza kukibonyeza mwenyewe. Wetu mmoja, Ijumaa ya tatu, aliomba kalamu akakata ripoti nne ambazo mwanzoni alikuwa ameapa hawezi kuishi bila hizo.