Aliyeandika ndiye afute

Bwana Mhariri, wiki hii mmetuuliza: nchi ikisharuhusu bangi, wale waliohukumiwa zamani kwa kukutwa nayo wafutiwe rekodi zao, au waendelee kuzibeba kwa sababu siku ile walivunja sheria? Ninajibu kutoka Lubumbashi, ambako bangi bado ni kosa na sisikii mbunge akisema vingine. Wafutiwe. Ila hapo tumemaliza nusu nyepesi ya swali. Nusu nzito ni nani ahangaike kufuta, na huko ndiko nchi zilizotangulia zimejikwaa.

Nina kibanda cha fotokopi na kuchapa barua katika komini ya Kenya. (Wasomaji wa Nairobi, tulieni, Kenya hii ni komini ya mji wetu.) Anayeomba kazi migodini hupitia kwa watu kama mimi. Anakuja na farde, yaani jalada la karatasi zake, kwapani: CV, diploma ya Leta (cheti cha serikali cha kumaliza sekondari), picha ndogo, kopi ya kadi ya mpiga kura, hati ya mwenendo mwema, na kampuni ikiwa kubwa, kazie, yaani karatasi ya kusema kama umewahi kuhukumiwa. Kazi yangu ni kuzipanga zifuatane kama tangazo linavyotaka. Mwenye tatizo la kazie namtambua kabla sijafungua farde. Anasubiri wenzake waondoke, halafu anauliza kwa sauti ya chini: "Yaya, hii ya mwisho ni ya lazima?" (Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto.)

Mmoja wao ni mchomea vyuma wa Katuba. Alikamatwa angali kijana, na msokoto mmoja ndani ya soksi, akapelekwa Kasapa, gereza la mji wetu, akahukumiwa, akamaliza, akatoka. Miaka ikapita, akaoa, na mkono wake ukawa mzuri hata mafundi wakubwa wakawa wanamtafuta. Kampuni moja inayofanya kazi chini ya mgodi ilimjaribu kwenye bomba, msimamizi akaridhika, akamwambia alete karatasi. Farde ilirudi kazie ikiwa imewekwa juu kabisa, kona yake imekunjwa. Hakuna aliyemwandikia kwamba amekataliwa, wala kwa nini. Sasa anachomea mageti kando ya barabara, analipwa kwa geti, na wakati wa mvua mageti ni machache.

Haya, tuseme bangi imeruhusiwa kesho asubuhi. Mtu huyu atapata nini? Sheria ikiandikwa kama ya Kanada, atapata haki ya kuomba.

Kanada iliruhusu bangi tarehe 17 Oktoba 2018. Mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya kuwapa nafuu waliohukumiwa kwa kuwa nayo tu: ombi lao lisilipiwe, na wasisubiri miaka kama wengine. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba watu wapatao 10,000 wangestahili. Mwishoni mwa Oktoba 2021, zaidi ya miaka miwili baadaye, waliokwisha kupata walikuwa 484. Ombi lilikuwa bure kweli, lakini alama za vidole, nakala za hukumu na karatasi za polisi mwombaji alizihangaikia mwenyewe, kwa pesa yake. Na baada ya yote hayo rekodi haifutwi, inawekwa kando tu.

San Francisco nako kulianza hivyohivyo. Wapiga kura wa California waliruhusu bangi Novemba 2016, na sheria ikawapa wenye hukumu za zamani njia ya kuomba zipunguzwe au zifutwe. Mji mzima walijitokeza watu 23. Ndipo mwendesha mashtaka wa mji, George Gascón, alipoigeuza kazi: ofisi yake ipekue majalada, mwenye jina asidaiwe hata barua. Wakasaidiwa na programu ya kompyuta ya shirika la Code for America, na Februari 2019 akatangaza kwamba hukumu zaidi ya 9,000, nyingine za tangu 1975, zimepatikana kwa ajili ya kufutwa au kupunguzwa. Sheria ilikuwa ileile na mji uleule.

Kuna atakayesema wasiojitokeza ni wavivu. Huyo hajawahi kukaa kwenye benchi la mahakama akisubiri karani. Mtu aliyefungwa harudi kule kwa miguu yake mwenyewe kuomba kitu. Anaogopa jalada lisije likafunguliwa upya, anaogopa kukutana na jirani koridoni akaulizwa amefuata nini. Halafu kwetu kila mhuri una bei ya ukutani na bei ya mdomoni. Nilimwuliza mchomea vyuma kama yeye angeomba. Akanijibu, "Yaya, nitoe makuta ya bukari niwapelekee walewale?" Yaani pesa ya ugali.

Afrika Kusini inaonyesha ubaya mwingine, wa kuchelewa. Gareth Prince, Rasta aliyesoma sheria, alikataliwa na chama cha mawakili cha Cape kuandikishwa kwa mafunzo ya kazi kwa sababu alikuwa na hukumu mbili za kukutwa na bangi, na alisema wazi kwamba hataacha. Alifika hadi Mahakama ya Katiba, na mwaka 2002 akashindwa, majaji watano kwa wanne. Tarehe 18 Septemba 2018 mahakama hiyohiyo, katika kesi yenye jina lake, ikasema kwa kauli moja kwamba mtu mzima anaweza kuvuta na kupanda bangi yake mwenyewe faraghani. Sheria yenye kifungu cha kufuta rekodi ikaja kutiwa saini na Rais Ramaphosa tarehe 28 Mei 2024. Hesabu mwenyewe miaka ambayo tendo lilikuwa limeshaacha kuwa kosa, na karatasi bado inakuita mkosaji.

Kwetu Kongo je? Ibara ya 17 ya Katiba yetu inasema adhabu inakoma kutekelezwa pale sheria ya baadaye inapoacha kulihesabu tendo lile kuwa kosa. Kwa hiyo waliomo gerezani kwa ajili ya msokoto wangetoka, na bila kumbembeleza mtu. Lakini ibara inasema adhabu, haisemi kazie. Mchomea vyuma alikwisha maliza adhabu yake zamani. Hana kilichobaki cha kukomeshwa.

Wengine wanapenda kumwachia Rais. Ibara ya 87 inampa haki ya kusamehe, kubadili na kupunguza adhabu. Adhabu tena! Joe Biden alitoa msamaha wa namna hiyo Oktoba 2022 kwa waliohukumiwa na mahakama za shirikisho la Marekani kwa kuwa na bangi tu, watu wapatao 6,500. Hakuna mfungwa aliyetoka, kwa maana katika magereza ya shirikisho hapakuwa na aliyefungwa kwa kosa hilo peke yake, na rekodi zikabaki zilipo. Msamehewa akiomba anapewa cheti cha kuambatanisha. Mimi mwenye fotokopi ningefurahi: farde moja, karatasi mbili badala ya moja.

Kinachofuta ni amnistia, yaani sheria ya kulisahau kosa lenyewe, na hiyo hutoka bungeni. Wakongomani tunaijua vizuri. Mwaka 2009 ilipitishwa moja kwa ajili ya Kivu zote mbili. Februari 2014 ikapitishwa nyingine kwa makosa ya uasi, ya vita na ya kisiasa yaliyotendwa kuanzia 2006 hadi Desemba 2013. Mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na ubakaji viliachwa nje, na kila mnufaika alitakiwa kutia saini kwamba hatarudia. Sizibezi sheria hizo. Amani ina gharama zake, na ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanazijua kuliko mimi. Ila bunge lililoweza kusahau bunduki lisije kuniambia kwamba kusahau msokoto wa soksini ni jambo gumu kisheria.

Mzee mmoja wa kanisani kwetu ananipinga, na hoja yake si ya kutupwa. Anasema kijana aliificha kwa sababu alijua ni kosa, na kutii sheria ni kuitii ilivyo siku hiyo. Sawa, baba, na siku hiyo aliadhibiwa, akatumikia yote. Hiki kinachoendelea sasa hakuna jaji aliyekiandika kwenye hukumu. Habari ya wenye magunia wanaovusha mizigo sizisemi hapa. Swali ni la kukutwa nayo.

Najua mtaniuliza programu ya kompyuta itoke wapi, wakati majina yamo kwenye madaftari makubwa ya mkono. Haihitajiki. Mtu akija kuchukua kazie, karani si ndiyo kazi yake kuangalia daftari? Basi sheria imwamuru: ukikuta hukumu ya kukutwa na bangi, ipige mstari hapohapo, toa karatasi safi, bei ileile ya kawaida, usimwulize neno. Mwenyewe hata hatajua kama ilikuwepo. Madaftari mengine makarani wayapitie polepole, mwaka kwa mwaka, kwa mshahara wao. Na kampuni zenye kopi za zamani kwenye makabati zikatazwe kuzitumia kumkataa mtu, kwa faini ya kuuma.

Inabaki hati ya mwenendo mwema. Hiyo inaanzia kwa chefu wa mtaa, na chefu hana daftari, anakumbuka tu kwamba mtoto wa fulani aliwahi kuchukuliwa na jeep ya polisi. Kwa huyo bado sina kifungu.