Mteja akisema "nina mawazo": kwa wanasihi mnaoanza kazi na watu wenye sonona

Mtakapoanza kutumia tiba ya fikra na tabia, yaani mazungumzo ya kumsaidia mwenye sonona (huzuni nzito isiyoisha) kuchunguza anavyofikiri na anavyotenda, neno la kwanza litakalowakwamisha ni letu wenyewe: mawazo. Mafunzoni mnaelekezwa kumwuliza mteja, "Ulikuwa na mawazo gani?" Mwulizeni hivyo mama aliyekuja kliniki, atawatajia ada ya shule, kodi ya nyumba, mume asiyerudi. Kwetu kuwa na mawazo ni kuelemewa na shida. Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia aliyeiasisi tiba hii miaka ya 1960, alitafuta kitu kingine: ile sentensi fupi inayopita haraka, mwenyewe asiitambue, ikamwacha amenywea. "Mimi sifai." "Hakuna kitakachobadilika." Aliona kwamba kwa mwenye sonona sentensi hizo humlenga yeye mwenyewe, dunia inayomzunguka na kesho yake.

Ilinichukua karibu mwaka kupata swali linalofaa. "Pale alipokukatia simu, ulijiambia nini moyoni?" Moyoni, si kichwani. Jibu huja sentensi nzima, mara nyingi na machozi. Hiyo ndiyo ya kuandika, kwa maneno yake, bila kuyasafisha.

Kuna kosa linaloniuma mpaka leo. Nilimpokea mjane aliyenyang'anywa shamba na wakwe. Akasema, "Sina mtu." Nami, nikiwa na fomu yangu mkononi, nikamwambia hilo ni wazo tu, tulitafutie ushahidi. Ushahidi alikuwa nao wote. Hakurudi tena. Tiba hii haidai kwamba shida za watu ni za kufikirika, ila mimi nilimfanya aamini hivyo. Leo ningeanza na shamba: aende ofisi gani, siku gani, nani amsindikize. Hiyo "sina mtu" ingesubiri wiki ya tatu au ya nne.

Wazimbabwe wametufundisha jambo hapa. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare, waliokaa na wagonjwa kwenye benchi na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kushughulikia. Kishona huiita hali ya kuelemewa namna hii kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Sisi wa "nina mawazo" hatuhitaji mkalimani. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa kwenye benchi walipungukiwa dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwa mteja aliyezama sana, fikra ziacheni kwanza. Mtu ambaye hajaoga siku tatu hana nguvu ya kujihoji. Sonona humfanya ajifungie ndani, na kule ndani inazidi kunenepa. Pangeni naye tendo moja dogo lenye siku na saa: "Jumanne saa moja asubuhi nitafagia mbele ya mlango." Aipe hali ya moyo wake alama, 0 hadi 10, kabla na baada. Wengi husema watafanya wakijisikia vizuri. Waelezeni kwa upole kwamba mwili utangulie, moyo utafuata. "Kufanya mazoezi" ni mpango mkubwa mno. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake wa Seattle waligundua kwamba kuwarejesha wagonjwa kwenye shughuli, bila kugusa fikra zao, kuliwasaidia sawa na tiba nzima. Ningelijua hilo mapema, nisingewachosha wateja wengi vile.

Zoezi la wiki msiliite kazi ya nyumbani; aliyeachia shule darasa la nne husikia fimbo humo. Ulizeni pia nani mwingine hufungua daftari anamoandika zoezi hilo. Kama mume analisoma, zoezi libaki la mdomo.

Dodoso la kupima sonona, la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, mtalizoea haraka, na hapo ndipo hatari ilipo. Swali la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru, litazameni kabla mteja hajainuka kitini. Kama amelijibu kwa alama yoyote juu ya sufuri, mwulizeni waziwazi: "Umefikiria kujiua? Umepanga vipi?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, wengi hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye kuna aliyeuliza. Akikiri kwamba amefikiria kujiua, msimwache peke yake hata dakika moja. Tafuteni ndugu anayemwamini, mfikisheni kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama foleni nje imefika getini.