Muulize Nyanya: Nilikimbia na kiatu kimoja

SWALI: Nyanya, shikamoo. Nauza viatu vya mitumba soko la Gikomba, Nairobi, na usiku mimi na binamu yangu hulala kibandani kulinda mali. Mwezi uliopita moto ulizuka mwendo wa saa tisa usiku. Sikumbuki nilivyotoka. Nilijikuta karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, hapa hapa jijini, miguu mitupu, nimeshika kiatu kimoja cha kushoto. Binamu nilimwacha amelala! Nilirudi mbio, nikampata nje akikohoa. Mlinzi alikuwa amemwamsha. Yeye huwachekesha watu kwa kisa hicho. Mimi sicheki. Mjomba anasema nisijisumbue, eti kila kiumbe kimeumbwa kijiokoe kwanza, mengine ni maneno tu. Ni kweli? Au mimi ni mwoga?
Muuza Viatu, Gikomba

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Kiatu ndicho kilichonifanya nikuamini. Mwongo angesema alitoka na mfuko wa pesa.

Nimekuwa muuguzi miaka thelathini, mingi yake katika chumba cha dharura hapa Nairobi. Nimepokea watu wa moto wakiwa wamekumbatia rimoti ya televisheni, kifuniko cha sufuria, kalenda ya mwaka uliopita. Kijana mmoja wa ajali ya matatu alikuja kwa miguu akilalamikia simu yake iliyopotea, kumbe mkono umevunjika. Uchungu aliusikia alipoketi.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Hatari ikitokea, ubongo huziamrisha kabla hujawaza lolote, nazo humwaga adrenalini, kemikali ya kuuchochea mwili, kwenye damu. Moyo hudunda, mboni hupanuka, damu hupungua tumboni ikaongezeka kwenye misuli ya miguu. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alilieleza hilo mwaka 1915: mwili hujiweka tayari kupigana au kukimbia. Wengine huganda kama nguzo, halafu jamaa zao huwaita wazembe. Kwa hiyo aliyetoka kibandani usiku ule hakuwa na binamu wala jina. Wewe mwenyewe ulifika baadaye, pale stendi.

Lakini mjomba wako nimemkatalia. Nyuki kibarua akimchoma mtu, mwiba hunasa kwenye ngozi. Akijivuta, tumbo hupasuka akafa. Hajiokoi huyo, anaokoa mzinga. Na wodini nilimuuguza mama aliyeungua mikono hadi viwikoni kwa kumrudia mtoto ndani ya nyumba. Nilimuuliza kama hakuogopa. Akaniambia, "Sista, hata sikujua nimerudi."

Umesikia? Hakujua, kama wewe usivyojua ulivyotoka. Nikikulaumu kwa mbio ambazo hukuzichagua, itanibidi nimnyime yule mama sifa zake, na hilo sitalifanya hata mnilipe. (Najua hoja yangu inachechemea. Mzee wangu ameshaniambia.)

Ulipogeuka pale stendi, hapo ulikuwa unajua unakokwenda. Mweleze binamu hivyo ulivyonieleza mimi, kabla hajakizoea kisa cha kuchekesha. Nadhani na yeye ana usiku wake asiousimulia.

Halafu hameni mlale upande wa mlango. Marobota yapangeni nyuma, si njiani, na jiko la makaa lisilale ndani. Kile kiatu ungali nacho?