Ndege ya watu wanne kwa uwanja mfupi wa nyasi

Umeuliza kama Cessna 172 itawatosha wewe, mwenzi wako na watoto wawili wakubwa kwenye uwanja wa nyasi wa mita 600. Mimi ningechagua Cessna 182. Ile 172 ina viti vinne, lakini ukijaza mafuta, uzito unaobaki hauwatoshi watu wazima wanne na mizigo yao. 182 nyingi zina nguvu za farasi 230, na mabawa ya juu hupita salama juu ya vichaka vya pembeni.

Hata hivyo, hesabu ndiyo iamue. Chukua umbali wa kuruka hadi kuvuka kikwazo cha futi 50, ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza hushauri kuongeza asilimia 20 kwa nyasi kavu, 30 zikiwa zimelowa, kisha kuzidisha kwa 1.33. Tafadhali usiipunguze akiba hiyo, unabeba familia. Jumla ikizidi mita 600, punguza mzigo: beba mafuta ya safari na ya akiba tu.

Maule, ndege nyingine ndogo, ni hodari zaidi kwenye nyasi, ila nyingi zina gurudumu la mkia badala ya la mbele, nalo linadai mafunzo ya ziada.

Kabla ya kulipa, fundi akague ukuta wa injini wa 182, yaani ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Kutua kwa kishindo kwa kutanguliza gurudumu la mbele huweza kuukunja.