Jibu: Nakimbia vizuri Karura, Mombasa nakwama

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, unakimbia kilomita 21 kwenye msitu wa Karura, Nairobi, bila shida, lakini mbio za kandokando ya bahari kule Mombasa zimekulaza kwenye kilomita ya 14 mara mbili, ilhali ukishuka pwani unatarajia pumzi iwe tele. Mimi pia nilijidanganya hivyo.

Pumzi ipo, sawa. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko pwani. Kinachokumaliza ni unyevunyevu: jasho halikauki, linachuruzika tu, na mwili unazidi kuchemka. Mara yangu ya kwanza, nilipofika kwenye mibuyu ya barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, soksi zilikuwa zinalia chwa-chwa kama nimevuka mto.

Kwanza angalia saa yako: kilomita tano za mwanzo ulikimbiaje? Nadhani ulienda kasi ya Nairobi. Mimi sasa napunguza kasi, naongeza sekunde 20 hivi kwa kila kilomita hadi nipite nusu, hata wakinipita akina mama wa kutembea (wamenipita kweli).

Pili, upepo. Ukikupiga usoni unalaani, ila ndio unaokupoza. Ukigeuka ukawa mgongoni, hapo ndipo joto linapokubana, kwa hiyo kunywa maji kabla ya kugeuka.

Jipime kilo kabla na baada ya mazoezi. Kilo moja iliyopotea ni kama lita moja ya maji. Ongeza na chumvi kidogo. Madafu ni ya baadaye, tumbo langu liliyakataa katikati ya mbio.

Shuka siku mbili tatu mapema ukiweza. Ukianza kusikia baridi juani, ujue joto limekuzidi: simama hapo hapo.